Vita vya Kagera na mizania ya nguvu kandokando ya Ziwa Victoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa Mwanza kwa ajili ya wanafunzi, wageni na wafanyabiashara wa Kanda ya Ziwa wanaotaka kujua jinsi nchi zilizopigana au kununiana kuzunguka ziwa moja zilivyorudi kukaa meza moja, na ni nani aliyepata au kupoteza uzito katika safari hiyo. Maswali hayakupangwa kwa ukubwa. Yale yaliyo na mengi ya kusemwa yamepewa nafasi zaidi.

Kwa nini mjadala huu huanzia kwenye Vita vya Kagera?

Kwa sababu ndiyo mara pekee tangu uhuru ambapo majeshi ya nchi mbili za ziwa hili yalivuka mpaka, jeshi moja likateka ardhi, na jingine likaendelea mbele hadi kwenye mji mkuu wa jirani na kuiondoa serikali yake. Migogoro mingine ya ziwa, kama vile ya visiwa, samaki, ushuru na maji, imekuwa ya maneno, ya askari wachache au ya mahakama. Vita vya 1978 na 1979 vilibadili nani anaogopwa, nani anadaiwa na nani anasikilizwa, na mabadiliko hayo hayakwenda upande ambao wengi waliutarajia siku Kampala ilipoanguka.

Uhasama kati ya Tanzania na Uganda ulianza lini hasa?

Ulianza tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alipompindua Milton Obote. Mwalimu Nyerere alikataa kuutambua utawala mpya na akampa Obote hifadhi Dar es Salaam. Mwezi Septemba 1972 wapiganaji wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania wakilenga Masaka na Mbarara. Shambulio hilo lilishindwa vibaya, na ndege za Uganda zikalipiza kwa kudondosha mabomu Bukoba na baadaye Mwanza.

Siad Barre wa Somalia ndiye aliyesuluhisha. Mkataba wa Mogadishu wa tarehe 5 Oktoba 1972 ulizitaka pande zote mbili zirudishe majeshi kilomita 10 kutoka mpakani na ziache kuwapa nguvu wapinzani wa upande wa pili. Kwa miaka sita mkataba huo ulizuia vita bila kuleta urafiki: Obote alibaki Dar es Salaam, Amin alibaki na shaka zake, na hakuna aliyemtembelea mwenzake. Anayetaka kuelewa diplomasia ya ziwa hili auangalie kwa makini mkataba huu, kwa kuwa unaonyesha kipindi ambacho utulivu ulitegemea kilomita 10 za ardhi tupu na si kitu kingine chochote.

Ardhi iliyogombewa ilikuwa ipi?

Wakoloni Waingereza na Wajerumani walipogawana eneo hili mwaka 1890, walitumia mstari wa digrii moja kusini mwa Ikweta. Mstari ulikatiza ziwani na kuendelea nchi kavu kuelekea magharibi bila kujali mto, kilima wala kijiji. Mto Kagera, ambao mtu yeyote angeufikiria kuwa mpaka wa asili, uko kusini zaidi ya mstari huo katika sehemu kubwa ya eneo. Kwa hiyo kuna kipande cha Tanzania kilicho ng'ambo ya mto, chenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,800, ambacho jeshi haliwezi kukifikia kwa urahisi bila daraja la Kyaka.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalikiingia kipande hicho, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa mpaka sasa ni mto. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Inakadiriwa kuwa raia wapatao 1,500 waliuawa katika eneo hilo, na mifugo, mazao na mitambo ikahamishiwa Uganda. Katikati ya msiba huo Amin alipendekeza ugomvi umalizwe kwa ngumi ulingoni kati yake na Nyerere, Muhammad Ali akiwa mwamuzi. Baadhi ya watu walicheka. Watu wa Missenyi, eneo lililovamiwa, hawakuwa na la kuchekea.

Je, ni kweli kwamba Mwanza ilipigwa mabomu?

Ndiyo, na si mara moja. Tukio la mwaka 1972 limetajwa hapo juu. La pili lilitokea mwishoni mwa Machi 1979, wakati majeshi ya Tanzania yalipokuwa yakiikaribia Kampala. Libya, iliyokuwa imepeleka askari na silaha kumsaidia Amin, iliipa Tanzania saa 24 iondoke Uganda. Nyerere alikataa, na akawaeleza wananchi hivyo redioni. Ndege ya Libya aina ya Tu-22 ikatumwa kulipua hifadhi ya mafuta ya Mwanza, lakini mabomu yalikosa mji na kuangukia Kisiwa cha Saanane, ambacho wakati huo kilikuwa hifadhi ya wanyama. Waliouawa ni swala kadhaa. Tanzania ilijibu kwa kupeleka ndege zake Kampala, Jinja na Tororo.

Wageni husimuliwa tukio hili kama kichekesho cha swala, na kwa kweli lina uchekeshaji wake, lakini maana yake kisiasa ni nzito. Nchi ya Afrika Kaskazini ilikuwa imeingiza mkono wake hadi ukingoni mwa Ziwa Victoria, na baada ya hapo hakuna serikali ya ukanda huu iliyoweza kusema kwamba ugomvi wa majirani wawili utabaki kuwa wao peke yao.

Kwa nini Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukuvizuia vita hivyo?

Umoja huo ulikuwa na kanuni mbili ulizozishika kama msahafu: mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni isiguswe, kama ilivyoazimiwa Cairo mwaka 1964, na nchi moja isiingilie mambo ya ndani ya nyingine. Amin aliivunja ya kwanza alipotangaza kunyakua ardhi hadi mtoni. Tanzania ilitarajia alaaniwe waziwazi, na hilo halikutokea. Wasuluhishi walizitaka pande zote mbili zisitishe mapigano, kana kwamba aliyevamia na aliyevamiwa walikuwa na kosa moja.

Tanzania nayo ikaigusa kanuni ya pili ilipovuka mpaka Januari 1979. Hoja ya Mwalimu ilikuwa kwamba kulikuwa na vita viwili: vya Watanzania kumtoa Amin katika ardhi yao, na vya Waganda wenyewe kumwondoa dikteta wao. Ndiyo sababu mkutano wa Moshi wa Machi 1979 ulikuwa muhimu kuliko unavyokumbukwa. Makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yaliunganishwa hapo na kumchagua Yusuf Lule, ili atakapoapishwa Kampala aonekane kuwa kiongozi wa Waganda na si mtu aliyebebwa na kifaru cha jeshi la kigeni. Katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Monrovia mwezi Julai 1979, Sudan na Nigeria ziliilaumu Tanzania hata hivyo. Naona lawama hizo zilikuwa na unafiki ndani yake, lakini hazikuwa za kupuuzwa: serikali nyingi zilizokuwa mezani ziliingia madarakani kwa bunduki, na zilijiuliza jirani gani angefuata mfano huo.

Baada ya ushindi, Tanzania ilikuwa dola kuu ya ukanda wa ziwa?

Kijeshi, kwa muda mfupi, ndiyo. Kwa kipimo kingine chochote, hapana, na hapa ndipo watu wengi huikosea historia yetu.

Kampala ilitekwa tarehe 10 na 11 Aprili 1979. Kwa miaka miwili iliyofuata maelfu ya askari wa jeshi la Tanzania (JWTZ) walibaki Uganda, na hakuna serikali iliyoweza kusimama Kampala bila kuangalia Dar es Salaam inasema nini. Lule aliondolewa mwezi Juni 1979 baada ya siku 68 tu. Godfrey Binaisa aliyemfuata aliondolewa na Tume ya Kijeshi mwezi Mei 1980, huku askari wa Tanzania wakiwepo na wasiingilie. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Obote, aliyekuwa amekaa Tanzania miaka tisa, na wapinzani wake wakasema kura ziliibwa. Mwezi Februari 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni. Mshindi wa vita alijikuta akilaumiwa kwa kila kilichotokea na hata kwa kila ambacho hakukizuia. Askari wa mwisho waliporudi nyumbani katikati ya 1981, ushawishi wa Tanzania ulirudi pamoja nao.

Gharama nayo ilikuwa ya kuumiza. Kiasi kinachotajwa mara nyingi ni dola za Marekani milioni 500, fedha ambazo hakuna nchi rafiki wala shirika la kimataifa lililokuwa tayari kuzifidia kwa kiwango cha maana. Bei ya mafuta ilipanda mwaka uleule, bei ya kahawa ilishuka, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshakufa miaka miwili kabla. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Wazee wa Mwanza wanaipima ahadi hiyo kwa foleni za sabuni na sukari, na hesabu yao haikomei kwenye mwezi wa kumi na nane. Serikali ilivutana na Shirika la Fedha la Kimataifa hadi mwaka 1986, wakati Rais Mwinyi alipokubali masharti ambayo mtangulizi wake aliyakataa.

Mwaka huohuo, tarehe 26 Januari, Museveni aliichukua Kampala. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kundi lake lilipigana bega kwa bega na Watanzania mwaka 1979, lakini dola aliyoijenga haikuwa ya kuagizwa na mtu. Wakimbizi wa Kinyarwanda waliopigana katika jeshi lake waliivamia Rwanda mwezi Oktoba 1990, na ilipofika 1998 majeshi ya Kampala na Kigali yalikuwa ndani kabisa ya Kongo. Kwa hiyo katika muda wa chini ya miaka 20 uzito wa kijeshi ulihama kutoka kusini mwa ziwa kwenda kaskazini na magharibi yake, ukichukuliwa na watu ambao wengine kati yao walijifunza kazi hiyo katika vita vilivyolipiwa na mkulima wa pamba wa Kwimba na Maswa.

Kenya ilikuwa upande gani?

Rasmi haikuwa upande wowote. Kenya na Amin walishagombana mwaka 1976, Amin alipodai kuwa sehemu ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Hata hivyo Nairobi haikufurahia kuona jeshi la Tanzania likiketi Kampala, kwa kuwa Uganda ilikuwa soko la viwanda vya Kenya na mizigo yake ilipita Mombasa.

Uhusiano wa Kenya na Tanzania wenyewe ulikuwa mbaya kabla ya vita. Dar es Salaam iliiita Kenya jamii ya mtu kula mtu, na Nairobi ikajibu kwamba kwa Watanzania hakuna hata cha kula. Mwezi Februari 1977 shirika la ndege la pamoja lilisimama, na Tanzania ikafunga mpaka. Ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983. Kwa mtu wa Mwanza au Musoma hiyo ilikuwa miaka zaidi ya sita ambayo Kisumu, iliyo safari ya usiku mmoja kwa meli, ilikuwa mbali kama ng'ambo ya bahari kwa anayefuata sheria. Kwa asiyeifuata, magendo ya Sirari yalifanya kazi bila likizo.

Mali za Jumuiya ziligawanywaje, na meli za ziwani zilikwenda kwa nani?

Swali hili huulizwa na watu wachache, lakini kwangu ndilo lenye mafunzo mengi kuliko yote. Jumuiya ilipovunjika kila nchi ilishikilia kilichokuwa ndani ya mipaka yake: vichwa vya treni, ndege, majengo, meli, hata samani. Benki ya Dunia ilisaidia kupatikana kwa msuluhishi, mwanadiplomasia wa Uswisi Victor Umbricht, ambaye kwa miaka kadhaa alifanya kazi isiyo na fahari ya kuhesabu. Vita vilipiganwa na kumalizika akiwa bado anahesabu. Serikali za Uganda zilibadilika mara nne akiwa bado anahesabu.

Tarehe 17 Novemba 1983 Nyerere, Moi na Obote walikutana Arusha, wakakubaliana juu ya mgawanyo, na mpaka ukafunguliwa. Mkataba wa usuluhishi ulitiwa saini hapohapo Arusha tarehe 14 Mei 1984. Kenya ilipewa asilimia 42 ya thamani halisi ya mali, Tanzania 32 na Uganda 26. Kwa kuwa Kenya na Tanzania zilikuwa tayari zinashikilia zaidi ya mafungu yao, zilitakiwa kuifidia Uganda. Mv Victoria na mv Umoja zilibaki Tanzania, na mv Uhuru, ambayo ni pacha wa Umoja kwa kubeba mabehewa, ikabaki Kenya.

Mambo mawili katika mkataba huo yanastahili kuangaliwa. La kwanza ni kwamba mshindi wa vita hakupata fungu kubwa kwa sababu ya ushindi wake. Hesabu zilifuata vitabu vya mali. La pili ni ibara ya 14, iliyozitaka nchi hizo tatu ziendelee kutafuta maeneo ya ushirikiano siku za mbele. Ilionekana kama maneno ya adabu ya kufungia waraka. Lakini ndiyo iliyotajwa kama msingi wakati tume ya pamoja ilipoundwa mwaka 1993, na kutoka hapo ukaja mkataba wa Jumuiya mpya uliosainiwa tarehe 30 Novemba 1999. Upande wenye uchungu ni wa wafanyakazi wa Jumuiya ya zamani, ambao madai yao ya mafao yalibaki mahakamani na barabarani kwa miaka mingi baada ya serikali kupeana mikono.

Je, Kenya na Uganda zilikuwa na amani wakati huo?

Si kamili. Rais Moi aliwasuluhisha Tito Okello, mkuu wa utawala wa kijeshi wa Uganda wakati huo, na Museveni jijini Nairobi, na mkataba ukasainiwa Desemba 1985. Haukudumu hata miezi miwili kabla Museveni hajaichukua Kampala. Mwezi Desemba 1987 askari wa nchi hizo mbili walirushiana risasi mpakani Busia.

Ni kweli kwamba mazungumzo ya amani ya Burundi yalifanyika Mwanza?

Ndiyo, na inashangaza jinsi jiji hili linavyolitaja jambo hilo kwa nadra. Mwaka 1996 Mwalimu Nyerere, akiwa raia wa kawaida na msuluhishi, alivikutanisha vyama vya UPRONA na FRODEBU hapa Mwanza mwezi Aprili na tena mwezi Juni. Mazungumzo hayakuzaa mkataba. Tarehe 25 Julai Pierre Buyoya alipindua serikali Bujumbura, na kabla ya mwezi kwisha viongozi wa ukanda walikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi.

Linganisha na mwaka 1979. Mapinduzi yametokea kwa jirani, wakimbizi wanavuka kuingia Kigoma na Kagera, na hakuna anayezungumzia kupeleka vifaru. Nchi zinazomzunguka aliyepindua zinamfungia njia zote kwa pamoja, kisha zinamwita mezani. Vikwazo vilisitishwa Januari 1999. Mwalimu alifariki Oktoba mwaka huo kabla kazi haijaisha, Nelson Mandela akaipokea, na mkataba wa Arusha ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Vikwazo viliwaumiza raia wa Burundi kuliko wanajeshi waliolengwa, na wachuuzi wa mpakani waliona magendo yakinenepesha watu wachache, kwa hiyo sivisifu bila kusita. Lakini vilikuwa njia ya majirani waliokuwa wamejifunza bei ya njia nyingine.

Maji ya ziwa ni ya nani?

Mwaka 1929 Uingereza, ikizungumza kwa niaba ya makoloni yake, iliiahidi Misri kwamba hakuna mradi utakaojengwa kwenye Mto Nile au maziwa yanayoulisha iwapo utapunguza maji yanayofika Misri, bila ya Misri kukubali. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana mto wote baina yao, mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na bilioni 18.5 kwa Sudan, bila hata kuwaita watu wa juu ya mto. Tanganyika huru ilijibu mwaka 1962 kwamba haitafungwa na mikataba ambayo haikuisaini.

Kwa miaka 40 msimamo huo ulikuwa wa kwenye karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania iliamua kuchota maji Ihelele, wilayani Misungwi, na kuyapeleka Kahama na Shinyanga kwa bomba. Misri ililalamika, Tanzania ikaendelea kujenga, na leo maji hayo yamefika hadi Tabora. Kwa kipimo cha Nile nzima kiasi kinachochotwa ni kidogo mno. Kilichokuwa kikubwa ni kwamba nchi ya juu ya mto ilichota bila kuomba ruhusa na hakuna lililotokea.

Si kila ugomvi wa maji unatoka Cairo. Kati ya 2004 na 2006 kina cha ziwa kilishuka kiasi cha kufanya gati na mabomba ya kuvutia maji yahangaike, kwa sababu ya ukame na pia kwa sababu mabwawa ya Jinja yaliachia maji zaidi ya kiwango kilichokubaliwa tangu enzi za Waingereza. Uganda ilihitaji umeme. Sisi wa kusini tuliona fukwe zikipanuka. Jambo hilo lilizungumzwa katika vikao vya Jumuiya na halikupita hapo, na nashuku kwamba kama lingetokea mwaka 1975 lingetangazwa kwa hotuba za redio.

Mkataba wa ushirikiano wa bonde la Nile ulifunguliwa kwa saini Entebbe mwezi Mei 2010, na ukaanza kutumika rasmi tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya Sudan Kusini kuuridhia. Misri na Sudan hazikujiunga. Wakati huohuo kampuni za Misri ndizo zilizopewa mkataba wa kujenga bwawa la Mwalimu Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Rufiji hauchangii hata tone kwenye Nile, na hiyo huenda ikawa sababu mojawapo ya Cairo kuupenda mradi ule.

Na samaki, pamoja na kisiwa cha Migingo?

Tanzania ina takriban nusu ya ziwa, Uganda sehemu kubwa ya iliyobaki, na Kenya ina asilimia 6 tu. Lakini Kenya ilitangulia kuwa na viwanda na wanunuzi, kwa hiyo wavuvi wake hufuata sangara katika maji ya wenzao. Migingo, mwamba usiofikia ekari moja uliojaa mabanda ya mabati, uligombewa kwa kelele na Kenya na Uganda kuanzia miaka ya 2000 kwa sababu hiyo: thamani yake iko katika maji yanayouzunguka. Shirika la uvuvi la ziwa, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994 na lenye makao Jinja, hushughulikia nyavu, ukubwa wa samaki na takwimu. Halina askari wala mahakama. Wavuvi wanaokamatwa hurudishwa kwa mazungumzo ya wakuu wa wilaya na kamati za mialo, mara nyingi bila injini zao.

Uzito umehamia wapi katika miaka ya karibuni?

Umehamia kwa mwenye njia. Mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kukutana zenyewe kupanga reli, mafuta na forodha, Tanzania ikiwa nje. Mwaka huohuo Rais Kikwete alishauri Rwanda izungumze na FDLR, waasi wa Kinyarwanda walioko Kongo, Kigali ikakasirika sana, na askari wa Tanzania wakawa Kongo wakipigana na waasi wa M23. Wengi walidhani Tanzania imetengwa. Miaka mitatu baadaye, Aprili 2016, Uganda iliamua bomba lake la mafuta ghafi lipite Tanzania badala ya Kenya: kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ambapo kilomita 1,147 ziko ndani ya Tanzania. Bomba hilo linaingia nchini Mutukula, mlemle walimovuka askari mwaka 1979.

Rwanda na Uganda nazo zilipokosana na mpaka wa Gatuna kufungwa kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022, magari ya mizigo ya Rwanda yaliitegemea zaidi njia ya Rusumo na bandari ya Dar es Salaam. Hapohapo Rusumo Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga mtambo wa umeme wa megawati 80 wanaogawana sawa. Kwa upande wa Mwanza kuna reli ya kisasa inayojengwa kutoka Isaka, na daraja la Kigongo hadi Busisi la kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Miradi hii imechelewa na kupandisha madeni, na bado hakuna hakika kwamba mizigo ya Uganda itapita Mwanza kwa wingi badala ya Mombasa. Kenya haijalala.

Je, vita kati ya nchi za ziwa vinaweza kurudi?

Kati ya Tanzania, Kenya na Uganda, sioni dalili. Hatari iko magharibi: Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwezi Januari 2025, na tarehe 8 Februari viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walilazimika kukutana pamoja Dar es Salaam, kwa kuwa Kongo na Tanzania ni wanachama wa jumuiya zote mbili na Rwanda ni wa moja tu. Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, wanunuzi wa dagaa kutoka Kongo ni watu wa kila siku. Usalama wa barabara zao unaonekana kwenye bei ya gunia kabla ya kutangazwa kwenye taarifa ya habari.

Nikitaka kuona alama za vita na usuluhishi huo, niende wapi?

Kaboya, wilayani Muleba, kuna makaburi ya askari wa Tanzania waliokufa katika Vita vya Kagera, na heshima hutolewa hapo. Kyaka utavuka daraja lililojengwa upya na kuona jinsi mto ulivyo mpana na kingo zake zilivyo wazi. Mutukula siku hizi ina kituo kimoja cha pamoja cha forodha, ambapo afisa wa Uganda na wa Tanzania hukaa jengo moja. Ukiwa Mwanza na una nusu siku tu, panda boti Capri Point uende Saanane, ambayo tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Uliza kuhusu mabomu ya 1979, kwa sababu waongoza watalii huanza na simba na mawe. Swala wapo.